MPIMA UJUZI: SHAHIDI WA KAZI YA FUNDI

Mwezi huu twawaletea habari ya kazi isiyojulikana na wengi, ingawa kila mtu alalaye chini ya dari anaitegemea. Kazi ya mwashi twaijua, na ya seremala, na ya fundi bomba, na ya fundi umeme. Lakini yuko mtu mwingine afikaye mahali pa kujengea, naye hashiki mwiko wala randa. Husimama kando, akatazama, akauliza, akaandika. Na kwa neno lake fundi hupata cheti au hukosa. Mtu huyo huitwa mpima ujuzi, na wengine humwita mtahini wa ufundi.

Twaandika habari zake kwa sababu mbili. Kwanza, vijana wengi waliojifunza ujenzi hudhani kwamba mwisho wa njia yao ni kuwa msimamizi au mkandarasi, wasijue kwamba iko njia nyingine yenye heshima. Pili, kila mmoja wetu hulaza watoto wake ndani ya kuta zilizosimamishwa na mtu asiyemfahamu. Basi yatupasa kujua ni nani aliyemshuhudia mtu huyo kwamba kazi yake yaaminika.

KWA NINI FUNDI APIMWE

Wazee walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Zamani kijana aliyetaka uashi alikwenda kukaa kwa fundi. Alibeba mawe, akachanganya chokaa, akatumwa maji na kuni, akapewa ukuta mdogo wa uani, kisha ukuta mkubwa, hata siku moja fundi akamwambia, "Sasa waweza kwenda zako ukajenge." Neno hilo ndilo lililokuwa cheti chake. Nalo lilitosha, kwa kuwa mji ulikuwa mdogo na fundi mwenyewe alijulikana. Aliyeulizwa habari za kijana aliweza kwenda kwa mwalimu wake kabla ya jua kutua.

Siku hizi mambo sivyo. Kijana aliyejifunza Mwanza atafuta kazi Dar es Salaam, na wa Nairobi aitwa Arusha. Tangu mwaka 2010 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina mapatano ya soko la pamoja, ambayo yafungua njia kwa wafanyakazi kuvuka mipaka kwa kadiri zilivyokubaliana. Mwenye kujenga nyumba hawezi kusafiri mpaka kwa mwalimu wa kila fundi. Kwa hiyo ahitaji ushuhuda ulioandikwa, na ushuhuda huo wahitaji shahidi mwenye macho.

Tena jambo hili ni la uhai. Tarehe 29 Machi 2013, jengo refu lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka, na watu 36 wakafa. Tarehe 29 Aprili 2016, nyumba ya kupangisha ilianguka Huruma, mjini Nairobi, usiku wa mvua kubwa, ikaua makumi ya watu. Na tarehe 16 Novemba 2024, jengo la maduka lilianguka Kariakoo, likawafunika wafanya biashara na wateja wao. Hatusemi kwamba mafundi ndio waliokosa. Jengo huanguka kwa sababu nyingi: mchoro mbaya, msingi dhaifu, saruji haba, ghorofa kuongezwa juu ya nguzo zisizoandaliwa, usimamizi uliolegea. Lakini twasema hivi, kwamba ukuta hauna huruma. Hauulizi kama aliyeujenga alikuwa mtu mwema au maskini, wala kama ana watoto wa kulisha. Husimama kwa kazi iliyofanywa, au huanguka kwa sababu ya kazi isiyofanywa.

JINSI UPIMAJI ULIVYOKUJA

Katika Tanganyika, shule ya ufundi ya Ifunda ilifunguliwa mwaka 1951, na ile ya Moshi mwaka 1957. Kwa miaka mingi fundi alipimwa kwa majaribio ya ufundi yenye daraja tatu: alianza daraja la tatu, akapanda la pili, akamaliza la kwanza. Mwaka 1994 ilitungwa sheria iliyoanzisha Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ndiyo VETA, na baadaye vikaja vyeti vya taifa vya ufundi stadi, NVA, vya ngazi ya 1, ya 2 na ya 3. Katika miaka ya karibuni Baraza la Taifa la elimu ya ufundi limepanuliwa na kuitwa NACTVET, likakabidhiwa kusimamia ubora wa ufundi stadi nao.

Katika Kenya, majaribio ya daraja la tatu, la pili na la kwanza yangali yakifanywa, nayo yako chini ya mamlaka iitwayo NITA, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2011. Tena sheria ya mwaka 2013 ilianzisha baraza liitwalo CDACC, linalotunga mafunzo na kuwapima wanafunzi kwa umahiri wao.

Neno hili, umahiri, ndilo lililogeuza kazi ya mtahini. Mtindo wake ulienea sana baada ya Uingereza kuanza vyeti vya NVQ mwaka 1986. Zamani mtahini aliuliza, "Umesoma miaka mingapi?" na, "Umepata alama ngapi?" Sasa auliza, "Waweza kufanya nini, nami nikaona?" Kazi ya mwashi imegawanywa katika sehemu: kupima kiwanja, kuchimba msingi, kujenga kona, kuchanganya na kumwaga zege, kupiga lipu, na kadhalika. Kila sehemu ina kiwango chake kilichoandikwa, na fundi hupimwa sehemu kwa sehemu. Hukumu ni mbili tu: amefikia kiwango, au bado.

Kutokana na hayo umetokea mlango mpya kwa mafundi wasiosoma chuoni. Tanzania na Kenya zote mbili zimeweka taratibu za kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Mtu aliyejifunza kwa baba yake, au kwa kuwa saidia fundi miaka mingi, aweza kuomba apimwe. Akionekana mahiri, apewa cheti. Akionekana ana upungufu, afundishwa lile alilopungukiwa tu, kisha apimwa tena. Hapa ndipo mpimaji anapohitajiwa sana, kwa maana watu hawa hawana daftari la shule la kuonyesha. Wana mikono yao tu.

ANAYEFAA NI NANI

Mwenye kutaka kazi hii hana budi kuwa fundi kwanza. Haiwezekani kupima kona ya ukuta kama hujapata kuijenga ikakupinda, ukaibomoa, ukaijenga tena. Fundi umeme asimpime mwashi, wala mwashi asimpime fundi bomba, hata akiwa mwenye elimu kubwa. Basi hatua ya kwanza ni kushika cheti cha juu katika fani yako mwenyewe, na kukaa kazini miaka ya kutosha hata uyajue mambo yasiyoandikwa vitabuni.

Hatua ya pili ni kujifunza kupima. Watu wengi hukosea hapa. Hudhani kwamba fundi hodari ni mtahini hodari, nao sivyo walivyo siku zote. Fundi hodari akiona mwingine anakosea, mkono wake wamwasha. Ataka kumpokonya mwiko. Mtahini hana ruhusa hiyo. Yampasa kunyamaza na kutazama, maana akimwelekeza mtu katikati ya jaribio, atakuwa ameipima akili yake mwenyewe. Atamzuia kwa neno moja tu: ikiwa pana hatari. Jukwaa likitikisika, au waya wa umeme ukiwa wazi, jaribio husimama papo hapo, kwa kuwa hakuna cheti kinachopita uhai wa mtu.

Katika Tanzania wengi wa watahini hutoka katika walimu wa ufundi stadi, na chuo chao mashuhuri ni kile cha Morogoro, kinachowafundisha mafundi kuwa walimu. Wengine hutoka viwandani na mahali pa kujengea, wakapewa mafunzo ya upimaji. Katika Kenya CDACC huwafundisha na kuwaandikisha wapimaji wake, pamoja na wahakiki, yaani watu wanaokagua kazi ya wapimaji. Katika Uingereza mtu aliye bado mwanafunzi wa upimaji hatoi hukumu peke yake. Mpimaji mwenye cheti huipitia hukumu yake na kutia sahihi. Ni desturi njema, maana hata mpimaji ana siku zake za kuwa saidia fundi. Masharti na ada hubadilika, kwa hiyo mwenye nia na aulize katika ofisi ya mamlaka ya nchi yake, wala asitegemee maneno ya njiani.

Hatua ya tatu haina cheti, nayo ni tabia. Mpimaji awe mtu wa kuandika alichokiona, si alichokisikia. Awe na subira. Ajue kusema na mzee kama mzee na kijana kama kijana. Wala asimpunguzie mwanamke kwa kuwa ni mwanamke, wala kumwongezea kwa kumhurumia. Timazi haijui ni mkono wa nani umeishika.

USHAHIDI WA NAMNA NNE

Mpimaji akiisha kujifunza, huchukua maswali manne mahali popote aendapo.

La kwanza, je, ushahidi huu ni wa kazi yenyewe? Kiwango kikisema fundi ajenge kona, haitoshi akaichora kona kwenye karatasi au akaieleza kwa maneno mazuri.

La pili, je, watosha? Ukuta mmoja mzuri waweza kuwa bahati. Mpimaji hutaka kuona kazi zaidi ya moja, na pengine katika siku mbalimbali.

La tatu, je, ni wake mwenyewe? Siku hizi kila mtu ana simu, na picha ya nyumba nzuri si kitu kigumu kupata. Fundi akileta picha za kazi zake, mpimaji humwuliza: msingi ulichimbwa futi ngapi? Kwa nini dirisha hili liliwekwa hapa? Nani alikuwa msimamizi? Aliyejenga hujibu bila kutafuta maneno. Tena mpimaji aweza kumwendea mwajiri na kuuliza.

La nne, je, ni wa siku hizi? Aliyeacha mwiko miaka kumi na mitano iliyopita alikuwa fundi. Kama angali fundi, na aonyeshe leo.

Ili kupata majibu hayo, mpimaji hutumia macho na masikio. Humtazama fundi akifanya kazi. Huchukua kamba na kuipima pembe mraba: mita tatu upande mmoja, mita nne upande wa pili, na kati ya ncha zake yapasa ziwe mita tano kamili. Huinua timazi na pima maji. Hutazama kama viungo vya mota ni vya milimita 10 hivi, na kama tofali la juu limekaa juu ya kiungo cha chini au viungo vimefuatana kama ngazi. Kisha huuliza sababu. "Mbona walowesha tofali hili la kuchoma kabla ya kulijenga?" Ajuaye atajibu kwamba tofali kavu hunyonya maji ya mota, na kiungo kikakosa nguvu. Mwigaji atasema, "Ndivyo tunavyofanya." Wote wawili wamelowesha tofali, lakini mmoja wao, akipewa kesho tofali la namna nyingine, hatajua la kufanya.

Tena ziko kazi ambazo hupimwa zikiendelea tu, kwa maana zikiisha hazionekani. Wageni wanaozuru kanisa kuu la Anglikana huko Unguja, lililoanza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, huonyeshwa nguzo kadhaa zilizosimama juu chini. Husimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha hivyo Askofu Edward Steere alipokuwa hayupo. Aliporudi zilikuwa zimekwisha kusimama, naye akaziacha. Nguzo zile hazikumdhuru mtu, nazo zimekuwa jambo la kuchekesha. Lakini nondo zilizopangwa vibaya ndani ya zege hazichekeshi, wala hakuna mgeni atakayeonyeshwa. Mpimaji afikaye baada ya zege kumwagwa na lipu kupigwa huona rangi tu.

MFANO WA MZEE YAKOBO

Na tutunge mfano ili jambo lieleweke. Tuseme katika mji mmoja wa pwani pana mwashi wa miaka 58, jina lake Mzee Yakobo. Hakupata kwenda chuo. Alifundishwa na mjomba wake. Nusu ya nyumba za mtaa ni kazi yake. Sasa kampuni zataka cheti, naye ameomba apimwe. Mpimaji aliyetumwa ni Bibi Ana, mwanamke wa miaka 32, mwashi na binti wa mwashi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa wewe ndiwe utakayenipima. Ile shule pale juu niliijenga kabla hujazaliwa."

"Naiona, Mzee, nayo imesimama vizuri. Leo nitatazama kazi ya leo."

Mzee Yakobo apima pembe kwa kamba, wala hakosei. Ajenga kona, na timazi yalala juu yake kama imebandikwa. Mchoro hawezi kuusoma kwa maneno, lakini Bibi Ana amwuliza kwa mdomo, naye aonyesha kwa kidole: mlango huu, dirisha hili, ukuta huu ni wa nchi sita. Bibi Ana aandika: amefikia kiwango.

Kisha waja kwenye lenta ya juu ya mlango. Mzee alaza nondo juu ya mbao moja kwa moja, asiweke chini yake vitofali vidogo vya kuziinua. Aongeza maji kwenye zege hata liteleze kama uji, ili limwagike upesi. Bibi Ana hasemi kitu wakati ule. Auliza tu, "Mzee, nondo hizi zitakaaje ndani ya zege?" Naye ajibu, "Zege litazifunika."

Jioni waketi kivulini. Bibi Ana amweleza kwanza yale yote aliyoyafanya vizuri, moja moja, kwa majina yake. Kisha amwambia, "Mzee, katika kona na kuta umefikia kiwango, na zaidi. Katika zege na nondo, bado."

Mzee Yakobo anyamaza muda mrefu, akipangusa mwiko wake ambao ulikuwa safi tayari. Kisha asema, "Miaka thelathini, lenta zangu hazijaanguka."

Bibi Ana habishani naye. Amwomba wafuatane hadi nyumba ya tatu, iliyojengwa zamani na fundi mwingine aliyekwisha kufa. Juu ya mlango pana ufa mwembamba, umenyooka kama uzi, nao una alama ya kutu. "Nondo imelala chini kabisa," asema, "haikufunikwa na zege hata milimita 25. Hewa ya bahari imeingia. Chuma kikishika kutu huvimba, na kikivimba huisukuma zege kutoka ndani. Na zege lenye maji mengi hubaki na vitundu, kwa hiyo unyevu hupita upesi zaidi. Lenta hii haijaanguka, Mzee. Ndiyo kwanza yaanza." Mzee apitisha kidole juu ya ufa, akautazama sana. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Naye alilijua neno hilo kabla Bibi Ana hajazaliwa.

Baada ya hapo afundishwa sehemu ile tu: vitofali vya kuinulia nondo, kipimo cha maji, ubaya wa mchanga wa pwani wenye chumvi, na kulimwagilia zege maji siku saba au zaidi ili lipate nguvu yake. Apimwa tena, apata cheti.

Sasa na tuufikiri mfano huu. Kama Bibi Ana angalimpitisha mzee kwa sababu ya mvi zake, asingalimheshimu. Angalimwacha aendelee kuweka kutu juu ya milango ya watu, na safari hii akiwa na muhuri wa serikali. Na kama angalimkatalia yote kwa sababu ya lenta moja, angalimdhulumu fundi ambaye kona zake ni kamili. Makosa haya mawili ndiyo mitego ya kazi nzima. La kwanza humwumiza mwenye nyumba asiyekuwapo, ambaye hawezi kujitetea. La pili humwumiza maskini aliyepo, ambaye hana mtu wa kumtetea. Mpimaji husimama katikati yao, na wote wawili wamtazama.

VISHAWISHI

Hatutawaficha kwamba kazi hii ina vishawishi vyake. Cheti kina thamani, na kila chenye thamani chatafutwa kwa njia ya nuru na kwa njia ya giza. Yuko atakayeleta bahasha, naye huyo ni rahisi kumtambua. Mgumu zaidi ni ndugu, au mwanafunzi wako uliyemfundisha kwa upendo, au mtoto wa mtu aliyekusaidia ulipokuwa na shida. Huyu haleti bahasha. Aleta uso wake tu.

Kwa sababu hiyo kuna kinga. Mpimaji asimpime ndugu yake, na akiletewa, aseme mapema apewe mwingine. Aandike sababu ya kila hukumu, ili mhakiki aweza kuipitia na kuuliza, "Uliona nini hata ukasema hivi?" Na fundi aliyekataliwa aelezwe upungufu wake kwa maneno wazi, na kuonyeshwa njia ya kukata rufani akiona ameonewa. Mpimaji mwema haogopi rufani, kama vile mwashi mwema haogopi timazi ya mwenzake.

NYUMBANI NA SHULENI

Ninyi walimu, mwaweza kuyaandaa mambo haya hata kama shule yenu haina karakana. Mtoto akijibu sawa, mwulize pia sababu yake. Akikosa, mwonyeshe mahali alipokosa, usimwambie "hujui" ukamwacha. Mwambie "bado", kisha mweleze lipi lililobaki. Wala msimpe mtoto alama asiyostahili ili kumfurahisha mzazi. Atakayekuwa mpimaji kesho ajifunza leo kwa kutazama kalamu ya mwalimu wake.

Nanyi wazazi, mwana au binti akichagua uashi au useremala, msimwone kama aliyeshindwa masomo. Mnunulieni daftari, aandike kila kazi aliyoifanya: tarehe, mahali, vipimo, jina la msimamizi, na neno moja alilojifunza siku ile. Daftari hilo litakuwa ushahidi wake siku ya kupimwa. Na kama siku moja atakuwa mpimaji, atakuwa amekwisha kuzoea kuandika alichokiona. Akiisha kupata cheti cha kwanza, mhimizeni asikome hapo. Chanda chema huvikwa pete, lakini hapana budi pawe na mtu anayejua kukitambua chanda chema.

Na mtu ye yote miongoni mwenu anayejenga, hata kama ni chumba kimoja cha uani, na amwulize fundi wake kwa adabu: "Umepimwa katika kazi gani?" Fundi mwema hatakasirika. Akijibu kwamba hajapimwa, msimfukuze. Mwelekezeni mahali pa kupimiwa. Kisha, kabla zege halijamwagwa, nendeni mkatazame wenyewe kama nondo zimeinuliwa juu ya mbao. Ni jambo dogo, halihitaji elimu kubwa, nalo huonekana siku ile tu.